Kufunguliwa Pua

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na kuku wako bado wanakutii. Huku sote tunapumua. Baba ana kikohozi chake cha kila mwaka, anakikana huku anakohoa. Anakusalimu. Anasema tangu ulipostaafu ukahamia huko kusiko na ndugu hata mmoja, hana tena wa kubishana naye, na mimi simfai kwa sababu nanyamaza. Binti yako alikuja Jumapili na mjukuu wako. Ameota meno mawili na tayari ameyajaribu kwenye kidole changu. Ningekupigia, lakini najua simu huisikii, mashine za kule kazini zilishamaliza masikio yako. Na haya ninayotaka kukwambia siyataki kuyasema kwa kupayuka.

Kazi nimepata na nimeianza. Ile barua yako kwa meneja ilifanya kazi kuliko vyeti vyangu vyote. Aliposoma jina lako alivua miwani. "Mama Pasi," akasema. "Yule alikuwa chuma." Kwa hiyo sasa mimi ni Karani wa Mapokezi ya Wafanyakazi Wapya, katika kiwanda kile kile ulikofua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Nina meza, kiti kinachozunguka upande mmoja tu, na kalamu tatu zenye nembo ya kiwanda.

Jumatatu nilipokea watu wangu wa kwanza, wanawake kumi na mmoja. Tuliwakusanya kwenye ukumbi ulio kando ya chumba cha pasi. Ukutani kuna kitambaa kimeandikwa KARIBU NYUMBANI, kimefuliwa mara nyingi mpaka herufi zimekuwa za kijivu. Kulikuwa na keki. Meneja akasema hapa hatuna wafanyakazi, tuna familia, akampa kila mmoja mkono. Kisha akaenda pembeni, akatoa kichupa mfukoni, akajipaka dawa ya kuua vijidudu mpaka kwenye vifundo vya mikono. Nilimwona. Wao pia walimwona, midomo imejaa keki.

Baada ya hapo ikawa zamu yangu. Niligawa fomu. Inasema: nimepokea glavu jozi mbili, buti na aproni, na nimefundishwa kushika nguo chafu kwa usalama. Wakatia saini. Chini kuna nafasi ya shahidi, hiyo ni yangu. Nikauliza glavu ziko wapi. Mtunza stoo, ambaye wote wanamwita Bwana Baadaye, na nadhani unajua kwa nini, akasema glavu hutolewa mtu akimaliza miezi mitatu ya majaribio, maana wengine huondoka nazo. "Wewe tia saini tu, dada. Ni karatasi." Nikatia. Nilikuwa na siku nne kazini na nilitaka kuonekana naelewa.

Halafu wakapelekwa kwenye meza ya kuchambua, kufunguliwa pua. Hili hukuniambia. Kila mgeni anapewa gunia lake la kwanza kutoka wodini, analifungua na kulitenga kipande kwa kipande, mikono mitupu, huku wakongwe wamemzunguka wanapiga makofi na kucheka. Shuka zenye damu huku, zenye kinyesi kule, vitambaa vya upasuaji kwenye pipa. Harufu yake siwezi kuiandika. Ni nzito, inakaa nyuma ya ulimi kama kitu ulichokula. Mmoja alitapika ndani ya gunia lenyewe, na makofi yakaongezeka. Mama Mvuke, yule mkongwe wa mashine ya kukaushia, akampa jina papo hapo: Chemchemi. Watu wakamkumbatia. Akacheka huku anajifuta kidevu. Sasa ni mwenzao.

Nilirudi kwenye meza yangu nikanawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

Wakati wako ilikuwa hivi?

Mimi, mwanao


21 Februari

Mwanangu Msomi,

Marahaba, na uishi hadi uchoke mwenyewe. Barua yako imenikuta naokota mayai. Kuku wanataga chini ya kitanda changu siku hizi, wamenifanya mpangaji wao. Goti liko pale pale, likitaka kunyesha linanipa habari kabla ya mawingu. Mwambie baba yako kikohozi hakikanwi, kinatibiwa. Tangu utoto wetu ni hivyo hivyo, hata alipoanguka kwenye kisima alisema ameteremka mwenyewe.

Mjukuu wangu mbusu, ila mbali na yale meno.

Jirani yangu anakusalimu ingawa hakujui. Ni yule yule niliyekuandikia zamani, mwanamke aliye peke yake kama mimi, ukuta kwa ukuta. Asubuhi namchotea maji kwa sababu hana nguvu, jioni tunakunywa chai. Mimi sisikii na yeye hapendi kusema, kwa hiyo tunaelewana sana. Ndiye anayekwenda posta kutuma na kuchukua barua zangu, akijisikia vizuri. Kwa hiyo, mwanangu, bahasha zako zifunge kwa gundi. Mate hayashiki.

Nimefurahi kuhusu kazi. Usiiachie. Siku hizi watu wenye vyeti wanakaa nyumbani wanavipangusa vumbi. Meneja huyo alikuwa kijana mwembamba wakati wangu, alikuwa akiogopa ngazi.

Zile fomu ziandike vizuri kwa mwandiko wako mzuri. Tarehe weka. Saa usiandike.

Kula. Kichefuchefu kinaisha baada ya wiki tatu.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole na wapangaji wenye manyoya. Huku baba amekwenda hospitali hatimaye, amepewa dawa, anazinywa kwa siri ili isionekane kwamba alikuwa mgonjwa. Binti yako amepata nyumba karibu na sisi. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya viatu.

Swali langu hukulijibu. Nimeisoma barua yako mara nne nikilitafuta jibu. Umenieleza hata kisima cha utotoni.

Na umeniachia jingine. Kwa nini saa nisiandike? Fomu ina nafasi ya saa. Mimi nafasi ikiwepo naijaza, ndivyo nilivyo, unajua hata shuleni nilikuwa napigia mstari mistari. Nimeendelea kuandika saa.

Juzi nilipokea kundi la pili, watu tisa. Sasa hotuba nimeijua. Meneja alichelewa nikaitoa mimi, na nilikuwa hodari, Shangazi. Nilisema "familia" na sauti yangu ikalainika kama ya mtu anayemaanisha. Mama mmoja mtu mzima alitokwa na machozi. Alisema hajawahi kupokelewa hivyo mahali popote pa kazi. Nikampa kipande kikubwa cha keki na kalamu ya kutilia saini.

Kichefuchefu kimeisha, kama ulivyosema. Zilikuwa wiki tatu kasoro siku moja. Sasa nakula mchana nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha kuchambulia, nasikia makofi na natafuna. Hili ndilo linalonitia kinyaa. Harufu sasa nimeizoea. Ninayemwonea kinyaa ni huyu anayeizoea.

Nilimuuliza Mama Mvuke kufungua pua kulianza lini. Akasema, "Muulize shangazi yako." Nikamwambia nimekuuliza. Akanitazama, akasema, "Basi subiri."

Nasubiri.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu jirani aliugua, macho yamekuwa ya njano tena na tumbo limevimba. Wiki mbili nililala kwake. Sasa anakaa, anakunywa uji, ananilaumu kwamba nimeutia sukari nyingi. Akianza kulaumu najua amepona.

Jogoo amekufa. Nilimpenda lakini alikuwa mgomvi.

Mama Mvuke ana mdomo mrefu, tangu zamani. Msalimie.

Kuna mambo ya kazini ambayo mtu akitoka getini anayaacha kwenye ndoano pamoja na aproni. Wewe una miezi miwili tu. Fanya kazi, lea baba yako, ukipata mchumba niandikie hilo.

Nakutumia soksi nilizofuma. Moja ni ndefu kuliko mwenzake, vaa hiyo mguu wa kulia.

Shangazi


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba mzima, mtoto mzima, soksi nimevaa. Naandika haraka kwa sababu kuna tarehe.

Tarehe nane nilipokea kundi la tatu. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa umri wangu, mabega mapana, ambaye hakutaka kula keki kwa mkono kama sisi wote. Alitoa kijiko chake mwenyewe kwenye mkoba, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Wakongwe wakampa jina hata kabla ya gunia: Kijiko. Akatabasamu kidogo tu. Alipofika kwenye fomu aliisoma yote, mpaka mwisho. Watu hawaisomi, Shangazi. Akaniuliza, "Glavu zenyewe?"

Nikamwambia, "Baadaye."

Neno hilo hilo. Lilitoka lenyewe.

"Basi nitie saini baadaye."

Nilimwambia, kwa ile sauti yangu laini, kwamba wenzake wote wameshatia na anawachelewesha. Akatazama nyuma, akaona watu wanamsubiri, akaona haya. Akatia saini. Nikatia yangu chini na nikaandika saa: tatu na dakika ishirini asubuhi.

Saa nne na robo alikuwa kwenye gunia. Walikuwa wanapiga makofi. Aliingiza mkono ndani ya shuka lililokunjwa akautoa polepole, na sindano ilikuwa imesimama kwenye nyama ya kiganja, chini ya kidole gumba, bomba lake lina damu ya mtu tusiyemjua. Wengine waliendelea kupiga makofi, hawakuwa wameona. Yeye hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, na nilikuwa mbali, mlangoni, natafuna.

Chemchemi ndiye aliyempeleka hospitali, akapewa dawa za kuanzia. Lakini kuna vipimo vya miezi sita na dawa za kuendelea, na hayo yako mikononi mwa kiwanda. Kiwanda kinasema mtu aliyepewa glavu akaamua kutozivaa amejichoma kwa uzembe wake. Hatibiwi, na anafukuzwa. Fomu wanayo. Saini yake ipo. Yangu ipo.

Kinachowasumbua ni ile saa. Siku ile stoo ilifungwa asubuhi nzima, vitu vilikuwa vinakaguliwa, na daftari la stoo linaonyesha ilifunguliwa saa nane mchana. Kwa hiyo haiwezekani alipewa glavu saa tatu na dakika ishirini. Meneja aliniita. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya baba. Anataka niandike maelezo mafupi kwamba saa niliikosea, kwamba nilimwona kwa macho akipewa glavu siku moja kabla. Kikao ni tarehe kumi na tano Mei. "Shangazi yako," akasema, "aliwahi kutusaidia katika jambo kama hili. Ndiyo maana tulikuchukua."

Nilikwenda kwenye kabati la mafaili ya zamani. Ufunguo ninao, mimi ndiye karani. Nimeona saini yako kama shahidi kwenye fomu mia na zaidi, na hakuna hata moja yenye saa. Kwenye moja kumebanwa maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wako. Mwanamke amechomwa na sindano siku yake ya pili. Wewe unasema ulimwona akipokea glavu na ulimwonya azivae. Amefukuzwa. Mwezi uliofuata ukawa msimamizi wa chumba cha pasi.

Nimesoma jina la mwanamke huyo. Kisha nikasoma barua ulizoniandikia kabla sijaanza kazi, zile ulimokuwa ukimtaja jirani kwa jina.

Sasa najua kwa nini ulihamia huko kusiko na ndugu.

Maelezo yangu nitaandika ya kweli. Lakini mimi ni wa juzi. Meneja anasema neno la karani mwenye miezi mitatu haliwezi kushinda fomu. Mtu wa miaka ishirini na miwili akisema kwamba glavu hazijawahi kutolewa siku ya kwanza, wakati wowote, hapo Kijiko ana pa kushika. Niandikie hayo, utie saini. Sikuombi unieleze mimi. Yaandikie kikao.

Mwanao


4 Mei

Shangazi,

Leo sina salamu.

Siku kumi na tano zimepita na hujajibu. Najua barua imefika kwa sababu niliituma kwa njia ya kusainiwa, na aliyeisaini posta ni jirani yako. Nimeiona saini yake kwenye karatasi. Mwandiko wake ni mzuri. Ulikuwa unajua hilo?

Nimepeleka maelezo yangu. Nimeandika kwamba saa ni sahihi na glavu hazikuwepo, na kwamba nilimshinikiza asaini. Meneja aliyasoma kwa kuyashika pembeni, kwa vidole viwili. Kazini hakuna anayekaa karibu nami wakati wa chakula. Baba ananiuliza kwa nini sili.

Kijiko anakuja getini kila asubuhi saa ya kuingia, ingawa amesimamishwa. Anasimama na mkono wake umefungwa kitambaa. Mlinzi amempa kiti.

Nimefikiri sana jinsi ya kukwambia hili bila kukuvunjia heshima, nimeshindwa. Unanitia kinyaa. Ulinilea, ulinisomesha, ulinisuka nywele, na ulinitafutia kazi ya kukaa kwenye kiti chako. Hukunionya kwamba kazi hiyo ina uongo ndani yake. Ulinionya nisije nikaandika saa.

Kikao ni baada ya siku kumi na moja.


9 Mei

Mwanangu,

Salamu ulizoninyima mimi nakupa. Hujambo. Baba yako hajambo. Mtoto hajambo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, hiyo ni ya kikao. Nimeandika yote pale kwa kirefu, na tarehe, na nimetia saini. Kwako nitasema yale ambayo kikao hakiyahitaji.

Glavu zilikuwepo nilipoanza kazi. Baadaye zikaacha kutolewa. Wageni walikuwa wanauliza, kila siku wanauliza, na meneja wa wakati ule akatuambia sisi wakongwe tuwanyamazishe. Kufungua pua tulikuanzisha mimi na Mama Mvuke. Wazo lilikuwa langu. Niliona kwamba mtu akizungukwa na watu wanaomcheka kwa upendo hawezi kuuliza habari ya glavu, ataonekana anajidai. Kwa hiyo tukaweka makofi. Tukaweka majina. Ilifanya kazi vizuri mno. Mwisho hata sisi tukasahau ilianza kwa nini, tukaipenda. Mimi niliipenda, mwanangu. Nilikuwa natoa majina mazuri.

Yule mwanamke alipochomwa, niliitwa kama ulivyoitwa wewe. Nikapewa kiti, nikaulizwa habari za nyumbani. Ulikuwa na miaka sita, mama yako alikuwa amefariki mwaka uleule, na baba yako alikuwa hawezi hata kukuchania nywele. Hilo nimekuwa nikijiambia miaka yote. Ni la kweli, lakini halikuniandikia ile karatasi. Niliiandika kwa mkono wangu kabla meneja hajamaliza kuomba.

Nilipostaafu nilimtafuta nikajua anaishi hapa, nikahamia. Hakunijua. Alikuwa na siku mbili tu kazini, na sura zetu zote zilikuwa zimefungwa vitambaa. Nimemchotea maji miaka kumi na mmoja. Nimemlaza, nimemuogesha, nimempikia. Kila jioni chai. Nilijiambia hiyo ndiyo namna yangu ya kusema.

Barua yako ya Aprili aliileta mwenyewe mkononi. Ilikaa wiki mbili chini ya godoro. Ya pili ilipofika, aliniona ninavyosoma, akaniuliza nani amekufa. Masikio yangu haya, lakini hilo nililisoma mdomoni mwake. Nikampa zote mbili.

Alisoma amesimama. Akazikunja zilivyokuwa. Nilitaka apige kelele, maana ningeona tu mdomo. Akachukua kalamu yangu, akaniandikia nyuma ya bahasha ili nisije nikasema sikusikia. Nakunakilia kama alivyoandika:

"Saini naweza kuielewa. Uliogopa. Kinachonichefua ni chai. Miaka kumi na mmoja nimekushukuru kila jioni."

Akatoka. Aliacha kikombe kimejaa.

Sasa anachota maji mwenyewe. Anakwenda na ndoo ndogo, anapumzika mara tatu njiani. Namtazama dirishani, na siruhusiwi kutoka. Hajanikataza kwa maneno, ila najua.

Posta naipeleka barua hii mwenyewe. Nimeanza safari tangu asubuhi, hii naimalizia nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara, goti limegoma. Itafika kabla ya kikao. Lazima nifike kabla hawajafunga.

Shangazi


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba mzima. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta, kisha anasahau kwamba ameshika, anaanguka, anashangaa.

Karatasi yako ilifika tarehe kumi na tatu. Ilisomwa kwenye kikao kwa sauti. Meneja alisema mwandishi ni mzee na hasikii vizuri. Mama Mvuke, ambaye alikuwa ameitwa kuthibitisha habari ya glavu, akasimama. "Anaandika kwa mkono, haandiki kwa masikio," akasema. "Na alichoandika Pasi ni kweli. Nilikuwepo." Akakaa. Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha, na baada ya hapo hakukuwa na mengi ya kusema.

Kijiko anatibiwa na kiwanda mpaka mwisho wa vipimo. Cha kwanza kimetoka safi. Bado viwili. Kazi yake ipo akitaka.

Mimi nimeondolewa kwenye mapokezi, niko kwenye meza ya kuchambua. Wanasema ni kwa muda. Glavu tumepewa sote siku iliyofuata. Bwana Baadaye alizitoa stoo, maboksi sita, juu yana vumbi la kuandikia jina. Zilikuwepo, Shangazi. Muda wote zilikuwepo mle ndani. Mpira umezeeka, umeshikana, ukizitenganisha zinanuka. Tumezivaa hivyo hivyo. Gunia la kwanza nililofungua nilitapika, na hakuna aliyepiga makofi. Mama Mvuke alinishikia nywele.

Jumamosi nilikwenda kumwona Kijiko wodini, kwenye zile siku mbili walizomlaza kwa vipimo. Nilibeba maziwa. Nilikuwa nimevaa vizuri. Nisikudanganye, njia nzima nilikuwa nasikia jinsi atakavyoniambia asante, na jinsi nitakavyosema hapana, si kitu. Nilimkuta amekaa, anakula kwa kijiko chake. Nilimweleza habari za kikao, maelezo yangu na karatasi yako. Alisikiliza yote.

"Nimesikia," akasema. "Lakini kalamu ulinipa wewe."

"Najua."

"Nilikwambia nitie baadaye. Ukaniambia nawachelewesha watu."

"Najua, dada."

"Basi sawa." Akasukuma maziwa kwa upande wangu wa meza, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu kilichosahauliwa. "Haya kanywe nyumbani."

Nikaondoka nayo. Nilishuka ngazi nikiwa nimeyakumbatia kifuani kama mtoto, nina aibu mpaka masikioni. Sikuwa nimefika hata getini, Shangazi, nilipojikuta nafikiria Jumamosi ijayo. Maziwa labda hayapendi. Nitamletea machungwa.